Kisa cha laptopu ya mchora boti wa Igombe: draiva mpya inapokataliwa na mashine

Kijana aliyeniletea laptopu hii anachora boti. Baba yake ni fundi wa boti za mbao kwenye mwalo wa Igombe, upande wa uwanja wa ndege wa Mwanza, na kwa miaka yote mzee amekuwa akimchorea mteja kwa kijiti mchangani: omo huku, tezi kule, injini inakaa hapa, nyavu hapa. Wakielewana, mbao zinakatwa. Kijana alijifunza mwenyewe Blender, programu ya kuchora vitu kwa pande tatu, kwa bando la usiku, akaanza kuzichora boti za baba yake kwa vipimo halisi, taruma kwa taruma, ili mteja aione kazi yake kutoka kila upande kabla mkuku haujalazwa. Siku hizi wapo wateja wanaoomba picha kwanza, ndipo watoe pesa ya mbao.

Alifika kwangu Jumatano asubuhi, laptopu ameizungushia kitenge ndani ya begi kwa sababu ya mvua. Kulikuwa na mteja wa Ukerewe ambaye angevuka Jumamosi kuja kuiona boti yake kwenye kioo. "Kaka," akaniambia, "Windows inasema draiva niliyonayo ndiyo bora. Intel wana mpya zaidi, nikiipakua inakataliwa. Na Blender inakufa kila nikizungusha boti. Nishike la nani?"

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kukiongoza kifaa fulani, hapa ni grafiksi. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali hilohilo naulizwa na wengi wenye laptopu za mtumba zilizotoka maofisini, na dawa wanayopewa mtaani mara nyingi inawaongezea ugonjwa. Huyu naye alikuwa ameshaipewa.

Mashine yenyewe

Ni laptopu ya ofisini yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 5, ile familia iliyotoka mwanzoni mwa 2015. Haina kadi ya grafiksi ya peke yake. Inategemea grafiksi, yaani sehemu inayochora picha za kwenye kioo, iliyomo ndani ya prosesa, Intel HD Graphics 5500. RAM ni gigabaiti 4, kipande kimoja. Muuzaji alimpigia Windows 10 Pro. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, kwani tabia nitakayoieleza nimeikuta kwenye laptopu za kampuni zaidi ya moja.

Kabla sijagusa chochote niliona maandishi madogo meupe kwenye kona ya chini kulia ya kioo, juu kidogo ya saa: Test Mode, na chini yake toleo la Windows. Mwenye haraka huyapita. Mimi yalinisimamisha, kwa sababu maana yake ni kwamba kuna mtu ameiamuru Windows ipokee draiva hata kama saini yake ya kidijitali haiaminiki.

Nikamuuliza kijana, akanieleza bila kuficha. Wiki mbili nyuma, baada ya programu ya Intel kumkatalia mara tatu, alikwenda kwa fundi mmoja. Fundi akaifungua faili ya draiva kwa Notepad, akaongeza mistari, akazima kitu kwenye BIOS, ile programu ya ubao inayoiamsha mashine kabla ya Windows, akasakinisha. Blender ikatulia. Lakini kuanzia siku ile laptopu ikilala haikuamka: feni inazunguka, taa inawaka, kioo cheusi. Ilibidi ashikilie kitufe cha kuwashia mpaka izimike, na kila mara alipoteza kazi ambayo hajaihifadhi. Vitufe vya kupunguza mwanga navyo vikafa, akawa anafanya kazi usiku kwenye mwanga wa mwisho. Mwishowe akaiondoa ile draiva kwenye "Device Manager", orodha ya Windows ya vifaa vya mashine, Windows ikamrudishia ya zamani, laptopu ikaanza kuamka vizuri, na Blender ikarudi kufa. Maandishi ya kwenye kona yakabaki, naye hakujua ni ya nini.

Nilianza na joto, maana programu ya michoro inayojifunga ghafla inaweza kuwa mashine inayopikika tu. Nilipofungua kifuniko cha chini nilikuta mapezi ya kutolea joto yamezibwa na utando wa kijivu: vumbi la mbao lililogandamana na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka jioni kama moshi. Nikasafisha, nikabadilisha dawa ya joto juu ya prosesa, nikaiwasha ikiwa baridi kabisa. Blender ikafungua faili ya boti. Kwenye mwonekano wa kawaida wa kijivu ilizunguka bila shida. Alipobonyeza "Material Preview" ili mbao zionekane kama mbao, kioo kikawa cheusi kama kupepesa jicho, kikarudi, na Blender haikuwepo tena. Haikuchukua hata dakika moja tangu kuwasha. Joto likatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Kumbukumbu za Windows zilisema nini

Watu wengi hawafungui "Event Viewer", na ni hasara, kwa sababu pale mashine inaandika shajara yake kwa tarehe na saa. Nilikuta makundi mawili ya matukio, na tarehe ndizo zilizonipa picha.

Kundi la kwanza lilikuwa la kabla ya yule fundi, na lilianza tena baada ya draiva ya zamani kurudi. Tukio namba 4101: draiva ya onyesho, igfx, iliacha kujibu kisha ikainuliwa. Windows huipa grafiksi sekunde 2 kumaliza kazi iliyopewa; ikizidi hapo, huihesabu imeganda na kuianzisha upya. Ule weusi wa kupepesa jicho ndio huo. Sambamba na tukio hilo palikuwa na kosa la blender.exe, na faili iliyotajwa kuwa chanzo ni ig8icd64.dll. Jina hilo lina maana kwa anayelisoma: ni sehemu ya draiva ya Intel inayoshughulikia OpenGL, lugha ambayo Blender inaitumia kuzungumza na grafiksi, na ile 8 ni kizazi cha usanifu wa grafiksi hii. Kwa hiyo aliyeanguka ni draiva, Blender iliburutwa tu.

Kundi la pili lilikuwa la zile wiki mbili za draiva iliyochezewa. Humo hamna hata 4101 moja. Kuna Kernel-Power 41 nyingi, yaani mashine iliyowashwa baada ya kuzimwa bila utaratibu. Ndiyo ile mikono ya kijana kwenye kitufe usiku.

Hapo nikapata jambo la kufanyia kazi. Draiva ya zamani inaamka vizuri ila OpenGL yake ina dosari. Ile mpya iliyochezewa ina OpenGL nzima ila haiamki. Swali likawa: ugonjwa wa kutoamka uko ndani ya draiva mpya yenyewe, au uliingizwa na aliyeichezea?

Kwa nini Windows ilisema "hii ndiyo bora"

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kila kitu kimefungwa hapa.

Fungua "Device Manager", ingia kwenye grafiksi, nenda "Details", chagua "Hardware Ids". Utaona mistari kadhaa inayofanana. Kwenye laptopu hii mstari wa kwanza ulianza hivi: PCI\VEN_8086&DEV_1616&SUBSYS_, halafu herufi na tarakimu nane. VEN ni mwenye chipu: 8086 ni Intel, ungekuta 1002 ni AMD, 10DE ni NVIDIA. DEV ni chipu yenyewe, na 1616 ni HD Graphics 5500. Zile nane za SUBSYS ndizo za mtengenezaji wa laptopu: nne za mwisho zinamtaja yeye, nne za mwanzo zinataja modeli au ubao wake. Mistari inayofuata chini ni ileile ikipunguzwa, mpaka unafika kwenye mstari wenye VEN na DEV pekee.

Ukisimama sokoni Kirumba ukaita "kijana!", watageuka ishirini. Ukiita jina lake, la baba yake na la mtaa wake, atageuka mmoja. Windows inapochagua draiva inamwamini zaidi aliyeita kwa jina kamili. Draiva ya mtengenezaji wa laptopu imeandikwa na SUBSYS ndani yake, kwa hiyo inaita jina kamili. Draiva ya jumla ya Intel imeandikwa VEN na DEV tu. Tarehe na namba ya toleo huangaliwa pale tu draiva mbili zinapolingana kwa saini na kwa ukaribu wa jina. Ndiyo maana draiva ya 2015 inaishinda ya miaka kadhaa mbele, na Windows inakwambia kwa moyo safi kwamba uliyonayo ndiyo bora. Haisemi uongo. Kipimo chake cha ubora si kile ulichokuwa unafikiria wewe.

Programu ya usakinishaji ya Intel kwa vizazi hivi vya zamani ina ukaguzi wake wa ziada. Ikikuta mashine imewekewa draiva iliyorekebishwa na mtengenezaji, inasimama na kutoa ujumbe kwamba draiva hii haijathibitishwa kwa kompyuta hii, ukaichukue kwa aliyekutengenezea. Kijana alikuwa ameupiga picha ujumbe huo kwa simu, mara tatu, siku tatu tofauti.

Hoja ya kufunga hivi ipo, na naiheshimu. Grafiksi ya laptopu ndiyo inayoongoza mwanga wa kioo, ndiyo inayotakiwa kulala na kuamka pamoja na mashine, ndiyo inayopeleka picha na sauti kwenye waya wa HDMI. Mtengenezaji anaipokea draiva kutoka Intel, anaijaribu na vioo vyake na BIOS yake, anaongeza mipangilio, ndipo anaitoa. Lakini kwa modeli hii draiva ya mwisho kwenye ukurasa wake ni ya 2015. Kufuli likabaki mlangoni, mwenye ufunguo akahama. Hapo ndipo tunapoachana mimi na yeye. Mashine inafanya kazi, mwenyewe anaitegemea kwa riziki, dosari imeshatengenezwa na mwenye chipu, halafu anazuiwa kuipata kwa usalama ambao hakuna anayeulinda tena.

Intel yenyewe ilibadili msimamo. Aprili 2020 ilianza kutoa draiva ambazo mwenye laptopu anaweza kuzisakinisha juu ya zile za mtengenezaji bila kurudishwa mlangoni. Lakini ni kwa prosesa za kizazi cha 6 kwenda juu. Na hata hao, wa kizazi cha 6 hadi cha 10, tangu Julai 2022 wamewekwa kwenye utaratibu wa masasisho machache ya usalama na dosari kubwa. Kizazi cha 5 hakikufunguliwa. Kwa hiyo mwenye laptopu ya kizazi cha 7 akikwambia yeye alibofya tu ikakubali, anasema kweli, na wewe wa kizazi cha 5 au cha 4 usijione una mkosi.

Alichokosea fundi wa kwanza

Nilichukua faili aliyoichezea, igdlh64.inf, ile inayoiambia Windows draiva ni ya kifaa gani na iwekwe vipi, nikaiweka kando ya ile halisi iliyomo ndani ya kifurushi cha Intel, nikazilinganisha mstari kwa mstari. Alichofanya ni kuandika SUBSYS ya laptopu hii kwenye orodha, kisha akaielekeza kwenye sehemu ya mipangilio iliyokusudiwa mashine nyingine. Grafiksi ikapokea maagizo ya kioo na ya usingizi yasiyo yake. Mwanga kutopungua na mashine kutoamka vilitoka hapo.

Na faili ya inf ikiguswa hata herufi moja, saini ya kifurushi inavunjika, kwa sababu saini inahesabiwa juu ya yaliyomo. Windows ya biti 64 haiipokei. Ndipo akalazimika kuwasha Test Mode, na ili Test Mode ikubali akazima Secure Boot, ulinzi unaozuia programu isiyo na saini inayoaminika kuingia wakati mashine inawaka. Kijana aliondoka na laptopu isiyotofautisha tena draiva ya kweli na programu mbaya iliyojivika ngozi ya draiva, na hakuambiwa. Hili liliniudhi kuliko kioo cheusi. Fundi ana haki ya kujaribu. Mwenye mali ana haki ya kujua kilichozimwa.

Kazi

Nilianza kwa kurudi nyuma. Kwanza nilihakikisha BitLocker, ile inayofunga diski kwa msimbo, haijawashwa, kwa sababu ukigusa Secure Boot kwenye mashine yenye BitLocker inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na mwenye laptopu ya mtumba mara nyingi hajui uko wapi. Nikanakili faili zote za boti kwenye diski ya nje. Betri nikaijaza, kazi ya namna hii usiifanye kwa kutegemea soketi peke yake.

Kwa amri ya pnputil /enum-drivers nikaorodhesha draiva zilizohifadhiwa, nikakuta ile iliyochezewa bado imelala ghalani ikisubiri siku Windows iikumbuke. Nikaifuta kwa pnputil /delete-driver pamoja na jina lake la oem. Baada ya hapo ndipo nikazima Test Mode kwa bcdedit /set testsigning off, nikarudisha Secure Boot. Utaratibu huu una maana: draiva isiyo na saini ikiwa bado inatumika wakati unazima Test Mode, grafiksi inakufa kwa Code 52, kosa la saini isiyothibitishwa, na unabaki na kioo cha picha kubwa za kufifia. Nikasakinisha upya draiva ya mtengenezaji ya 2015. Mashine ikalala, ikaamka. Mwanga ukapanda, ukashuka. Msingi ukawa umekaa, nikaweka alama ya kurejea ya "System Restore" hapo.

Kisha nikapakua kifurushi cha Intel cha kizazi cha 5. Kuna kinachojisakinisha na kuna cha zip. Chukua cha zip, ndicho kinachokuwezesha kuupita mlango wenye mlinzi bila kuvunja kitu. Ukikifungua unakuta folda, na ndani ya folda ya Graphics kuna igdlh64.inf. Kwenye "Device Manager" nilichagua kusasisha draiva, nikatafuta mwenyewe kwenye kompyuta, nikachagua kutoka kwenye orodha, kisha "Have Disk", nikaionyesha ile inf. Alama ya kuonyesha vifaa vinavyooana tu niliiacha ilivyo. Ukiona jina la grafiksi yako limejitokeza kwenye orodha huku alama hiyo ipo, maana yake namba yako imo ndani ya faili na saini haijaguswa. Lisipojitokeza, ishia hapo. Usiiondoe alama ili ulazimishe.

Jina likajitokeza. Nikabofya. Unapochagua kwa mkono namna hii Windows haipangi tena nani kaita jina kamili, inachukua ulichochagua. Kioo kikazima sekunde chache, kikarudi. Namba ya toleo ilikuwa 20.19.15, nukta, na tarakimu nne. Ile 20 ya mwanzo ni ya draiva zilizoandikwa kwa Windows 10, ungekuta 10.18 ni za Windows 8.1. Kwa kuwa ya zamani nayo ilianza na 20.19.15, watu hudhani hakuna kilichobadilika. Angalia zile nne za mwisho: ya mtengenezaji ilianza na 42, hii inaanza na 51.

Tukafungua boti. Material Preview. Mbao zikatokea na mishipa yake, kijana akaizungusha taratibu, kisha kwa nguvu, kisha akainua kompyuta kuelekea dirishani kana kwamba boti ingemwagika. Haikufa. Nikailaza mashine mara sita, ikaamka mara sita. Vitufe vya mwanga vikafanya kazi. Swali langu likawa limejibiwa: draiva mpya haikuwa na ugonjwa wa usingizi.

Kitu kimoja tu kilikosekana. Tulipochomeka waya wa HDMI kwenye televisheni, picha ilikwenda, sauti haikwenda. Sauti ya HDMI ina draiva yake, Intel Display Audio, na ukisakinisha grafiksi kwa mkono, ile ya sauti inabaki ya zamani. Imo kwenye kifurushi kilekile, faili ya IntcDAud.inf, na inawekwa kwa njia ileile. Dakika tatu.

Jambo moja kwa wenye laptopu za karibu 2011 hadi 2013 zenye grafiksi mbili, ya Intel na ya AMD zinazobadilishana: msifuate hatua hizi. Huko mtengenezaji alifunga draiva zote mbili kwenye kifurushi kimoja zinazotegemeana, na ukibadilisha moja unaweza kuipoteza nyingine.

Ijumaa jioni

Simu ilikuja saa mbili usiku. "Kaka, imerudi kulekule." Nikamwambia asome zile tarakimu nne. Arobaini na mbili.

Nilikuwa nimeacha mlango mmoja wazi, na lilikuwa kosa langu. Windows Update ina ghala lake la draiva, na humo ile ya mtengenezaji imeandikwa na SUBSYS. Laptopu ilipopata intaneti ya kutosha, Windows ikauliza, ikajibiwa na mwenye kuita jina kamili, ikaipokea. Kuchagua kwa mkono kunashinda siku ile, hakuifungi kesho.

Jumamosi asubuhi na mapema nilipanda daladala hadi Igombe na kifurushi kwenye flashi. Nikarudia usakinishaji, kisha nikafungua gpedit, programu ya kupanga sera za Windows, kwenye sera za Windows Update, nikawasha ile isemayo "Do not include drivers with Windows Updates". Hii ipo kwa sababu ni Windows Pro. Kwenye Home hakuna gpedit, unaandika mwenyewe kwenye rejista thamani ya ExcludeWUDriversInQualityUpdate iwe 1. Ina gharama yake: Windows haitaleta tena draiva ya kitu chochote, iwe ya waifai au ya printa, na nilimwambia hivyo mbele ya baba yake ili wawe wawili wanaojua. Kwa mashine hii gharama ni ndogo. Windows 10 yenyewe ilimaliza muda wake wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha 5 hakimo kwenye orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazitambua. Draiva mpya za kuikosa hazipo.

Nilimweleza pia kitu ambacho alitarajia na hakitakuja. Draiva hii haitamfupishia muda wa kutoa picha ya mwisho. Blender ikitoa picha kwa Cycles, injini yake ya kutoa picha, kwenye laptopu hii, kazi inafanywa na prosesa. HD Graphics 5500 haitumiki hapo kabisa. Alichopata ni kuweza kuizungusha boti bila kuanguka. Kama ana pesa ya kuongeza kitu, aongeze RAM: grafiksi ya ndani haina memori yake, inakula kwenye ileile ya mashine, na vipande viwili vinavyofanana huipa njia mbili za kupitisha data badala ya moja. Iwe DDR3L, ile ya volti 1.35. Na abaki na Blender 3.6 aliyonayo, kuanzia 4.0 mahitaji ya OpenGL yalipanda hadi 4.3, na sioni sababu ya kuisukuma mashine hii mpaka ukingoni wakati kazi yake inatimia hapa ilipo.

Mzee alikuwa amekaa juu ya gogo la mvule, pamba ya kalafati miguuni. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba," akaitikia na kuniuliza kama kazi imekwisha. Kijana akamwekea laptopu mapajani na kumwonyesha jinsi ya kuizungusha boti kwa kidole. Mzee akaizungusha mara moja, pole sana, akaisimamisha ikiwa imemtazama kwa omo. Akaweka ukucha kwenye kioo.

"Hapa umeinamisha. Huyu anavua upande wa Ukara, mawimbi ya kule yataingia. Inua omo nusu shubiri."

Kijana akachukua laptopu, akainua. Mteja alikuwa bado hajavuka.